Kwa Kambare Wetu, Mwenye Rekodi ya Mita Hamsini

Mwaka umetimia leo, Kambare, tangu figo zikushinde ukatuacha. Familia imenipa kalamu mimi mdogo wako, na wanajua fika kwamba sina maneno laini.

Nyumba haina tena harufu ya dawa ya bwawa. Hakuna taulo mbichi kwenye kila kiti. Mama anaosha vyombo bila mtu wa kumtia kiwewe kwa kubana pumzi kando ya karai mpaka macho yamtoke, kisha aangue kicheko. Jina la samaki tulikupa kwa kukutania, nawe ukalishona kwenye mfuko wako wa mazoezi.

Mchana ulifua mashuka ya hospitali. Jioni uliwafundisha kuogelea wanawake wazima walioogopa hata maji ya magotini. Uliwashika kidevu ukiwaambia, "Legeza shingo, dada. Nimekushika." Hukumkaripia hata mmoja. Upole huo huo ndio uliokuponza.

Siku ya fainali ya mita hamsini, mtindo huru, uliruka, ukavuta pumzi mara moja tu, ukagusa ukuta wenzako wakiwa bado wanahangaika nyuma. Wapima muda wa njia yako walikuwa watatu. Saa za wawili zilisoma sawasawa. Ya tatu haikuwa imesimamishwa, ilikuwa bado inahesabu. Kanuni ya chama cha kuogelea ilidai saa zote tatu, kwa hiyo ukapewa medali ukanyimwa rekodi. Yule wa tatu alisema saa yake ni mbovu, akaling'ang'ania neno hilo miaka kumi na moja, huku akipanda cheo mpaka akawa mwenyekiti.

Wewe ulijua. Ulipoinua kichwa majini uliona alichokuwa anafanya. Sisi tulipokuja juu, ukatutuliza: "Muacheni mzee wa watu, msimwaibishe." Hapo, dada yangu, nakukasirikia hata wewe. Aibu ilikuwa yake, ukaibeba wewe mpaka kaburini.

Mwezi uliopita mwenyekiti huyo alikuja nyumbani kuomba jina lako, eti kombe jipya liitwe kwa jina hilo. Mama alimpa kiti na chai, halafu akamuuliza, "Mwanangu alipogusa ukuta, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nashangilia, mama. Nilinyanyua mikono yote miwili. Saa ilikuwa inaning'inia shingoni."

"Basi liandike hilo, utie sahihi, kisha uchukue jina."

"Sasa mama, watu watanionaje?"

Aliondoka bila kuigusa chai. Kesho yake akapiga simu kutusihi mambo hayo yabaki kuwa ya nyumbani. Mtu huyo huyo, siku ya mazishi, alishika kipaza sauti akakuita bingwa wa mabingwa, na sisi tukampigia makofi kama wajinga.

Wewe ulimsamehe. Sisi bado, na jina lako hatutoi. Kwa kuwa mwenyekiti ameshindwa kuandika, tunaandika wenyewe, hapa, asome kila mtu: mita hamsini, mtindo huru, sekunde ishirini na sita nukta nne moja.

Unakumbukwa na mama yako, mumeo, binti yako, mimi mdogo wako, shangazi, wajomba, na wanafunzi wako wote wa jioni.

Hatutakusahau kamwe, wala hatutanyamaza.