Cheni, Si Mkanda

Jumanne

Bado nina hasira. Mkuu wa zahanati amenichagulia pikipiki ya kupelekea chanjo inayozungushwa kwa mkanda wa mpira badala ya cheni, eti kwa sababu haina grisi. "Cheni itakuchafulia gauni, binti," alisema, na mafundi wa gereji wakacheka.

Nikamjibu kwamba changarawe za njia ya Ilagala zikiukata mkanda, Kigoma nzima hakuna mwingine. Cheni ikikatika, naiunga palepale kwa kipingili cha akiba.

"Utaiunga wewe?"

Nikachutama na gauni langu, nikaifungua cheni ya pikipiki nyingine iliyokuwapo na kuifunga tena mbele yao. Mkuu akanikabidhi ufunguo wa ile ya cheni.

Kusema kweli naogopa kukwama njiani, chanjo za watoto wa wakimbizi ziharibike kwa jua. Afadhali niogope nikiwa na cheni.

Gauni limejaa grisi, sijalifua. Kesho naondoka nalo hivyohivyo.