Soksi za Landikruza

Baba Kissa,

Asubuhi niliona kuku wanakwepa kidimbwi chini ya gari. Nilidhani ni maji, kumbe oili. Nikafungua kava ya shokapu ya nyuma. Ndani tope limejaa, na shokapu inavuja. Kava ilikuwa inatuficha.

Najua kava hizo ulizifunga kwa sababu ya mawe ya njia ya Haydom. Hata jirani Wilbard alipokucheka, “Gari limevaa soksi, linaanza shule lini?” mimi nilinuna. Mawe ni kweli yanapiga. Lakini tope la masika likiingia humo halitoki.

~~Nimezifunga tena kama zilivyokuwa.~~ Hapana, nimezitoa zote, ziko kwenye ndoo. Kiangazi ukitaka uzirudishe. Leo tafadhali usimpakie mama kwenda hospitali ya Haydom kabla fundi hajaangalia. Nimekwenda kumwita Akonaay. Uji wa mama uko kwenye chupa.

Nilisimama mlangoni nikuamshe nikuambie, nikashindwa.

Kila ukirudi kutoka Haydom unaniuliza kama nimekula, nasema nimeshiba. Huwa sijala. Chakula hakipiti mpaka nisikie gari linapanda kilima.

Mama Kissa