Taa ya Baba Mdogo Haimo

Jumapili, Izia. Upepo wa leo unakata masikio, na nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo.

Kalenda imetoka. Ni anga juu ya Ziwa Tanganyika, nyota zimejaa mpaka ukingoni, na pale studio ninapofanya kazi kila anayeingia anaisifu. Picha niliipiga mimi. Lakini ziwa chini yake ni jeusi tii, utadhani hakuna mtu anayeishi pale.

Niliipiga Kasanga siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Anayepiga picha za nyota anataka giza hilo, na mvuvi wa dagaa vilevile, maana kukiwa na mbalamwezi dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo usiku ule ziwa lote liliwaka. Taa mojawapo ilikuwa ya baba mdogo. Alijua niko mlimani na kamera, akawaomba wenzake waache kupiga kasia kidogo ili taa yao isicheze kwenye picha. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Mgongo umemshinda na mtumbwi ameshauuza. Nilimwahidi kwamba watu wataiona taa yake ukutani.

Meshaki, mwenye studio, amezifuta taa zote kwenye kompyuta. Anasema mteja alitaka ziwa safi.

Safi.

Nikamwomba picha ya awali. Akanijibu bila hata kuinua macho kwamba kadi ya kamera aliifuta, alihitaji nafasi ya picha za harusi kule Chala. Kama jambo dogo tu. Leo namchukia, na sioni aibu kuliandika.

Jana baba mdogo alipanda mpaka mjini Matai kutafuta dawa ya mgongo, akaikuta kalenda dukani. Akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha.

"Mwanangu, picha yako nzuri kweli. Nimesimama hapa naitafuta taa yetu. Kwani usiku ule hatukwenda ziwani?"

Nilitaka kumweleza. Badala yake nikasingizia mtandao na kukata simu. Nililia nyuma ya studio, kisha nikarudi kupiga watu picha za pasipoti.

Wiki hii nitashuka Kasanga nimwambie ana kwa ana. Siku za giza zikirudi nitapanda tena mlima ule, kwa kadi yangu mwenyewe. Ziwa litawaka kama kawaida.

Ila taa yake nitaitoa wapi?