Simu Uliyonipigia Siku Ile

Kwako dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutugombeza bado anayo.

Dada, keti kwanza. Miezi mitatu iliyopita madaktari walinitoboa fuvu, wakaniwekea kwenye ubongo kifaa kidogo kama kifungo cha shati, chenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nilimkataza Mama asikwambie, ungekosa usingizi bure.

Mhandisi wao, binti mcheshi, aliniweka mbele ya kompyuta akaniambia nisihangaike na mshale wa kwenye skrini. Nifikirie tu kwamba nausogeza mkono wangu wa kulia. Nikamwambia mkono huo nimeshausahau. Akasema ubongo haujausahau. Basi nikafikiria ninakaza skrubu, maana fundi umeme ni fundi umeme tu. Mshale ukatikisika. Ukasogea! Mama akachungulia nyuma ya mashine aone nani anausogeza. Mimi hata kucheka nilishindwa. Miaka minne siwezi kumfukuza nzi usoni, na leo kitu kinakwenda ninakotaka mimi!

Sasa nachagua herufi moja moja kwa mshale huo. Neno "dada" lilinichukua dakika nzima. Nikalifuta, nikaliandika tena, kwa raha tu.

Mama yuko jikoni. Barua zote za nyuma nilimtamkia yeye akaandika, na kuna jambo nisingeweza kulitamka mbele yake. Kila ukiandika unaniomba msamaha kwa kunipigia simu nikiwa juu ya ngazi. Dada, ulipopiga nilikuwa nimeshaanguka chini. Niliisikia ikiita mfukoni, mkono haukuinuka. Nilianguka kwa sababu sikufunga mkanda wa usalama. Nilikuwa nawaringia wenzangu kwamba siuhitaji. Mama aliponiuliza hospitalini niliona aibu, nikasema nilikuwa naitafuta simu yako mfukoni. Ukaacha kuja nyumbani, nami nikanyamaza. Nisamehe.

Akitoka jikoni nitamwambia na yeye, kwa mdomo wangu.

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu. Ukitaka kukasirika, kasirika, ni haki yako. Ila hasira ikipoa, njoo utuone.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee wa Nyaya