Uzito wa Nguo za Valerian

S.L.P. 318,
Katandala,
Sumbawanga.
Jumapili, 21 Julai 1996

Mpendwa Kaka Gaudensi,

Shikamoo, kaka. Unisamehe, leo sitaanza kwa kukuuliza hali yako, maana nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia Mama wala wifi Rahel, na hata jana nilipoungama nililiruka. Mwezi wa sita, kliniki, nilimpima mwanao Valerian akiwa na nguo zake zote. Kisha mwezi huu nesi alipouliza kama nilimvua, niliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Hilo limeshaandikwa, sasa naweza kukusalimu kama inavyopasa. U hali gani huko Mwanza? Kile kikohozi cha kufanya kazi kwenye barafu kimeisha? Barua yako ilifika salama, na ile picha uliyopigwa mbele ya kiwanda cha minofu ya samaki umevaa buti nyeupe. Mama ameichomeka kwenye fremu ya marehemu Baba, pembeni ya kioo, na kila mgeni lazima aoneshwe buti.

Sisi huku wazima. Baridi ya mwezi huu unaijua mwenyewe. Nepi zikifuliwa asubuhi, jioni bado zina unyevu, kwa hiyo tunazimalizia kuzikausha jikoni juu ya moto. Ndiyo maana mwanao ananuka moshi kama samaki wa Kirando.

Kaka, nikueleze habari zake, maana najua ndizo unazozitafuta. Ana miezi mitatu kasoro juma moja. Ana paji la uso lako, na kidole gumba cha Baba kile kilichopinda. Zamani alikuwa anacheka usingizini tu, sasa anacheka akikuona, na akicheka anapiga teke kwa mguu mmoja, daima wa kushoto. Nikimsomea daftari langu la Historia analala kabla sijageuza ukurasa. Mama anasema hilo amelirithi kwako.

Kwa kuwa amepewa jina la Baba, Mama anamwita mume wake. Juzi alikojolewa kitenge kipya, akamnyanyua juu na kumwambia, "Valerian, miaka yote ile tuliyoishi hukunifanyia hivi! Umerudi na tabia gani?" Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Najua ulipoondoka mwezi wa tatu ulikuwa na wasiwasi kumwacha wifi na tumbo lile, yeye Msukuma wa bonde la Rukwa, katikati yetu Wafipa. Ungemwona sasa ungejivuna. Anaamka kabla ya kengele ya misa, anachemsha maji, anamwogesha mtoto kwenye karai karibu na moto, anamkanda miguu huku akimwimbia Kisukuma. Kisha anamfunga mgongoni na kuanza kupepeta ulezi, na mtoto anatikisika naye mpaka anasinzia. Ana namna ya kumhamisha kutoka mgongoni hadi kwenye titi bila kumwamsha. Nimejaribu kujifunza nikashindwa. Hata Mama, ambaye kusifu mtu kwake ni kazi, alisema, "Huyu amefundishwa kulea na ng'ombe za baba yake." Wifi akajibu, "Ng'ombe hawalii hivi, Mama. Huyu mjukuu wako hana mfano bondeni kote."

Hayo yalikuwa mpaka mwanzoni mwa mwezi huu. Sasa nakueleza kosa langu.

Tarehe 11 mwezi wa sita nilimsindikiza wifi kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na pointi mbili, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupimwa pale. Wifi alipanga foleni ya dirishani kwa ajili ya chanjo, mimi nikabaki na mtoto na kadi yake kwenye foleni ya mzani. Mzani wenyewe umening'inizwa kwenye boriti ya baraza, na baraza limeelekea upande unakotoka upepo. Nesi alikuwa anapaza sauti, "Wavueni watoto! Nataka uzito wa mtoto, sitaki kupima mitumba ya Ulaya!"

Mara akaitwa ndani. Akaniona na sketi yangu ya shule, akasema, "Wewe mwanafunzi, desimali unazijua? Soma mshale, andika kwenye kadi zao, narudi sasa hivi."

Kaka, unanijua. Darasani sinyooshi mkono hata kama jibu ninalo. Lakini siku ile akina mama wote walinitazama mimi. Nilisoma mshale wa mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaandika kwa mwandiko mzuri, na mama mmoja akasema, "Asante, mwalimu." Nilisikia joto mpaka masikioni. Zamu ya Valerian ilipofika alikuwa amelala. Alikuwa na lile ovaroli nene lenye pamba ndani ulilomnunulia mnadani kabla hujaondoka, sweta alilofuma Mama, kofia, soksi na shali ya sufi. Mtoto aliyemtangulia alitetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikajiambia, nguo ni nguo, si mawe. Nikamweka kwenye mzani vile vile.

Mshale ulisimama kwenye tano na pointi moja. Mwanamke wa nyuma yangu akasema, "Mama yangu! Huyu ni mtoto au gunia la mahindi?" Wote wakacheka kwa furaha. Nikaandika.

Mimi niliyepata themanini na sita kwenye Fizikia, kaka, nilikumbuka uzito wa zile nguo tukiwa tumeshafika nyumbani, na wakati huo Mama alikuwa tayari ametoka na kadi. Aliipeleka nyumba kwa nyumba. "Tano na pointi moja, na hajafika miezi miwili!" Nikaona hata nikisema nitaharibu furaha ya watu wote. Tena ilikuwa furaha yangu pia.

Tarehe 9 mwezi huu wifi alimpima mwenyewe, akamvua kila kitu. Mshale ukasimama kwenye tano kamili. Nesi akaunganisha nukta mbili kwenye kadi, na mstari ukashuka. Akasema, "Mama, mtoto amerudi nyuma. Mwezi uliopita alipimwa na nguo?"

Wifi akajibu, "Hapana, dada. Wifi yangu alimvua. Huyu ni msomi." Akanigeukia kwa uso wa kuniamini kabisa. Ndipo nikaitikia kwa kichwa.

Tuliambiwa turudi baada ya majuma mawili. Tangu siku hiyo nyumba imebadilika. Bibi Kristiana, jirani yetu wa nyuma, alikuja kuona kadi, na alipotoka alikwenda kusema neno ambalo naona aibu kukuandikia, lakini bora ulisikie kwangu. Alisema mtoto amebemendwa. Yaani kwamba wifi ametoka nje ya ndoa huku ananyonyesha, na mtoto ndiye anayelipa. Wifi, ambaye haendi popote isipokuwa kisimani na kanisani!

Mama hajalirudia neno hilo mbele yangu, lakini ameacha kumtania wifi, na hamwiti tena mtoto mume wake. Alhamisi alisema kwamba Jumanne mshale ukirudi nyuma tena, wifi atafungasha arudi kwa baba yake, Mzee Ndalahwa, mpaka wewe uitwe. Siku hiyo hiyo akaanza kumnywesha mtoto uji wa ulezi, eti maziwa yamekuwa maji. Mtoto anautapika. Wifi anashika bakuli. Nami nilijipa moyo kwamba Jumanne mshale utapanda wenyewe, mambo yataisha, na hakuna atakayejua.

Lakini jana tukiwa tunaanua nepi wifi aliniuliza, "Wifi, wewe unasoma vitabu. Vinasemaje? Maziwa ya mtu yanaweza kuharibika bila mwenyewe kufanya kosa?"

Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa najua, kaka.

Nimeandika mpaka hapa na sasa nasikia mtoto analia jikoni, Mama anasema, "Mshike kichwa, anywe." Siwezi kuendelea. Barua naiacha mezani.

Jumanne, 23 Julai

Kaka, naendelea kwa wino mwingine, ule wa kwanza umeisha.

Jumapili nilipoacha kalamu nilichukua ovaroli, sweta, kofia, soksi na shali, nikaingia jikoni nazo mikononi. Mama alikuwa na bakuli la uji, wifi amempakata mtoto, na Bibi Kristiana yuko kwenye kigoda, maana siku hizi haondoki. Nilisema, "Mwezi wa sita alipimwa na hizi." Nikaeleza yote, na kwamba nesi nilimdanganya.

Mama akasema, "Nguo? Nguo ina uzito gani wa kumshusha mtoto?"

Nikamwambia twende tukaone. Tukatoka wote wanne, wifi na mtoto mgongoni, mpaka dukani kwa Mzee Baltazari, pale anapopima maharage. Alipoona naweka shali na zile nguo nyingine kwenye sahani ya mizani akasema, "Eh, mabadiliko haya! Sasa mitumba nayo inauzwa kwa kilo?" Akaweka jiwe la robo upande wa pili, sahani haikusogea. Akaliondoa, akaweka la nusu, ikayumba kidogo tu. Akarudisha la robo juu ya nusu, sahani zikalingana.

Gramu mia saba na hamsini. Nilipiga hesabu pale pale, kwa sauti. Tano na pointi moja ukitoa hizo ni nne na gramu mia tatu na hamsini. Mwezi huu ana tano. Nikamwambia Mama kwamba mtoto hakupungua hata siku moja, kwa mwezi mmoja ameongeza zaidi ya nusu kilo, na zote ni za titi la mama yake.

Bibi Kristiana akasema, "Jamani, mimi nilisikia tu watu wakisema."

Mama akamjibu, "Basi na hili umelisikia. Lipeleke kote ulikolipeleka lile, usiruke nyumba."

Tuliporudi, Mama hakumwomba wifi radhi kwa maneno, unamjua. Alichukua bakuli la uji wa mtoto, akaunywa mwenyewe wote akiwa amesimama. Kisha akamtengenezea wifi uji mwingine mzito wa maziwa na karanga, akampelekea kwa mikono miwili. Wifi akaupokea, akasema, "Asante, Mama," na Mama akageuka akamwambia mtoto, "Na wewe mume wangu, nyonya, unatazama nini?"

Mimi wifi hakunisemesha siku ile nzima, na sikuona kwamba ameninyima haki. Jana asubuhi nikiwa nafunga viatu vya shule alikuja na kitenge, akainama akanifunga mtoto mgongoni. "Mshike mwanao, shangazi, nikateke maji," akasema. Nilichelewa namba shuleni, nikafagia uwanja kama adhabu. Nilifagia vizuri.

Mama anakusalimu sana na anasema ukija Krismasi uje na sato mkavu, si picha ya kiwanda. Wifi Rahel anakusalimu. Hataki niandike alichosema, ila anakukumbuka. Nisalimie Raymond unayeishi naye, na umshukuru kwa kukuuguza ulipopata homa. Mungu akulinde kwenye zile mashine na akurudishe na vidole vyote kumi, maana kuna mtu huku anapenda kushika vidole.

La mwisho kabla sijafunga bahasha. Leo niliomba ruhusa kwa mwalimu nikaenda nao kliniki. Wifi alimvua Valerian, naye akapiga teke lake la kushoto. Mshale ukasimama kwenye tano na pointi tatu. Nilimwomba nesi samahani mbele ya watu na kumweleza habari ya mwezi wa sita. Hakunigombeza. Alizungushia duara ile nukta ya zamani, akanipa kalamu, akasema, "Aliyekosea aandike." Nikaandika pembeni yake, kwa mwandiko wangu ule ule: alipimwa na nguo. Wifi alisoma, akakunja kadi, akaitia kifuani. Kisha yeye akaenda kupanga foleni ya chanjo, mimi nikabaki pale kwenye mzani. Upepo ulikuwa mkali na akina mama walikuwa wanasita. Nikapaza sauti wavue watoto nguo, nikanyoosha mikono nikazishika nguo za mtoto aliyefuata mpaka alipoteremshwa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na ninayejivunia kuwa shangazi wa mwanao,

Coleta