Kikapu cha Mama Nestori

Ujiji, Jumanne usiku

Simu haitulii. Nimeilaza kifudifudi, bado inatetema.

Mwaka mzima nabandika michoro yangu mtandaoni, wafuasi hawafiki hata wa kujaza kibaraza. Leo mmoja umesambaa mpaka Dar. Ni Mama Nestori, mkimbizi kutoka Burundi, anasuka kikapu mwaloni Katonga, pale mitumbwi ya ziwani inapotia nanga. Uso sikumchora, makusudi. Nikajiona mwangalifu kweli.

Jioni akaja mwenyewe. Shikamoo yangu hata hakuiitikia.

"Futa, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. " Uso hukuchora, lakini nakshi ya kikapu ni yangu. Kule kwetu hakuna mwingine anayesuka vile. Wanaonitafuta wataijua."

Nikafuta mbele yake.

"Hauonekani tena?"

Nikamwambia hauonekani. Ningemwambiaje kwamba watu walishaupakua, wanatumiana, na wanachosifia ni hiyo hiyo nakshi? Nilitaka tu aende akalale.

Mimi ndiye nisiyelala. Sasa hivi mtu nisiyemjua, hana hata picha, ameniandikia: "Huyu mama anapatikana wapi?"

Labda anataka kununua kikapu.

Labda.