Mbuzi wa Zainaba

Jumatatu, 6 Agosti 1956. Mahajanga

Meza ya Zainaba imeondolewa kwenye maonyesho. Nimeambiwa na Fundi Bakari, mwalimu wa dini, yeye mwenyewe, saa nne asubuhi, mlangoni pa madrasa yake. Ua ni wake, maonyesho ya kazi za mikono yatafanyika humo tarehe 18, neno lake ndilo la mwisho.

Sababu ni mimi. Ijumaa gazeti lilitoa makala yangu kuhusu dada yangu: mwanamke wa Nosy Be anayeshona wanyama wa kitambaa kwa mtindo wa maputo. Sentensi ya tatu inasema mnyama wake wa kwanza alikuwa mbwa, na kwamba mpaka leo anamshona huyo huyo. Fundi anasoma Kifaransa vizuri kuliko nilivyodhani. Wanyama wa Zainaba hawana macho, si sanamu kamili, kwa hiyo alikuwa amewakubali, hata aliwapenda. Lakini mbwa, tena katika ua ambamo watu wanatandika mikeka ya kusalia, hapana.

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kubishia.

Jumanne, 7 Agosti

Ninayoyajua, kwa mpangilio.

Mwaka 1922, gati la Hell-Ville, mji wetu huko Nosy Be. Mpishi wa meli ya barua, Mfaransa mnene, anapuliza maputo marefu na kuyasokota. Zainaba ana miaka saba, mimi kumi na mmoja. Anampa Zainaba mnyama mwekundu wa miguu minne. Anasema ni mbwa. Anabweka ili tuelewe. Nilisikia kwa masikio yangu.

Nyumbani mama amesimama mlangoni. Mbwa haingii, anasema. Zainaba anajibu ni mbuzi. Mama anamtazama mnyama, anamtazama mtoto, anasogea pembeni. Mnyama aliishi siku tatu. Ngozi yake iliyosinyaa Zainaba anayo mpaka leo ndani ya kiberiti.

Tangu hapo anashona. Mrija mmoja mrefu wa kitambaa cha leso kuukuu, umejazwa sufi. Hakati miguu, haungi kichwa. Anasokota na kufunga uzi palepale ambapo mpishi alisokota. Amewafanya tembo, popo, kima, kinyonga. Lakini huyo wa kwanza ndiye anayemrudia kila mwaka.

Daktari amemwambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto linafuata. Meza hii ameishonea miezi kumi na moja. Kamwe hajawahi kupanga kazi yake mbele ya watu wasiomjua. Mwaka ujao huenda asiione sindano.

Hayo yote niliyajua nilipoandika. Niliyaacha, nikaandika mbwa.

Jumatano, 8 Agosti

Nimerudi kwa Fundi. Njia aliyonipa ni fupi. Gazeti liseme ni mbuzi, litoke Ijumaa ya tarehe 17, meza itarudi kesho yake asubuhi. Nikamwambia sijawahi kuandika kinyume cha nilichosikia. Akanyoosha kofia yake.

"Basi kaa na masikio yako. Meza nitampa mshona kofia."

Mhariri amecheka. Miaka kumi na tisa, anasema, na sijawahi kumletea sahihisho hata moja, sasa namletea la mbwa wa pamba. Nikamwambia si pamba, ni sufi. Akazidi kucheka. Sahihisho likija, lifike kiwanda cha uchapaji Alhamisi ya tarehe 16 kabla ya saa nane.

Naona haya. Sijui bado ni haya ya kukosea au ya kuwa sahihi.

Alhamisi, 9 Agosti. Ndani ya meli

Nimepata nafasi kwenye meli ya mizigo ya pwani. Mifuko ya saruji, mbuzi sita wa kweli. Nimewatazama sana.

Ijumaa, 10 Agosti

Baharini. Nimeandika sahihisho mara nne. Yote manne ni uongo. Nimeyatupa.

Jumamosi, 11 Agosti. Hell-Ville

Nimefika adhuhuri. Gazeti lilinitangulia kwa siku tatu. Zainaba amenipa wali, samaki na achari. Hakunipa neno.

Kando ya mlango pana kapu. Ndani yake wanyama watano waliorudishwa na majirani. Sikuuliza. Bi Amina wa nyumba ya pili alikuja akajieleza mwenyewe, kwa Kisakalava cha haraka, huku akikwepa kunitazama. Mmoja ni wa mjukuu wake; mtoto alikuwa akilala naye tangu akiwa mchanga. Iliposomwa habari ya gazeti barazani, Bi Amina alimwosha mnyama mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa chombo alichokilamba mbwa. Mikono ya mtoto pia mara saba. Mtoto alilia, akauliza amefanya nini.

Nimemshika huyo mnyama. Sufi imeganda madonge. Mguu mmoja umegeuka jiwe. Bado ana harufu ya udongo.

Nimeandika habari za vimbunga, za mgomo bandarini, za meli iliyozama na watu wake. Hakuna aliyewahi kumwosha mtoto wake kwa sababu ya sentensi yangu.

Jumapili, 12 Agosti

Leo amezungumza. Tulikuwa uani. Kiwanda cha mafuta ya mlangilangi kilikuwa kimewasha moto na nguo zote kwenye kamba zilinukia. Zainaba alikuwa anamfumua yule aliyeoshwa ili amjaze upya. Lugha yetu ni ile ya siku zote, Kimalagasi cha hapa na Kikomoro kikikatiza. Kiswahili cha bibi kimebaki kwenye daftari hili tu, nacho ni changu peke yangu.

Nikamuuliza kama alijua siku ile kwamba ni mbwa.

"Nilijua, kaka. Alibweka. Nilikuwa na miaka saba, sikuwa kiziwi."

Nikasema basi alimdanganya mama.

"Siku moja. Miaka thelathini na minne iliyobaki nimekuwa nikiufanya uongo huo uwe kweli. Wewe ulikuja kuandika habari yangu bila kufungua sanduku."

Ni kweli. Makala niliiandikia mezani kwangu Mahajanga. Sikuomba kumwona mnyama hata mmoja. Nilikuwa na kumbukumbu na niliiamini kuliko shahidi yeyote. Mwandishi mchanga angefanya hivyo ningemrudisha barabarani.

Akaburuta sanduku la mkangazi. Amewapanga humo kwa mfuatano wa miaka. Nimewatoa mmoja mmoja, nimewapima kwa kamba.

Wa kwanza, wa 1922: mbwa. Masikio mafupi yamesimama, mkia mrefu. Sina la kuongeza.

Wa pili: masikio yameanza kulala.

Wa tatu ana pembe. Mbili, zimepindwa nyuma, kila moja nusu kidole. Uzi ni mweusi, mishono midogo imelala upande. Zainaba hashoni hivyo. Nikamwonyesha.

"Hizo si zangu. Ni za mama. Aliniambia mbuzi wako amekosa pembe, akachukua sindano."

Nikauliza kama mama alijua.

"Hakuniuliza. Akaweka pembe."

Nikaendelea. Kwenye wa sita mkia umefupika na kuelekea juu. Wa tisa ana ndevu. Kuanzia wa kumi na mbili kila mguu umefungwa uzi wa pili mwishoni, kwato ikagawanyika. Yule aliyeoshwa mara saba ana kwato nne zilizogawanyika, pembe, ndevu na mkia wa vidole viwili. Nilikuwa nimemshika jana na sikuona. Hakuna mbwa wa namna hiyo.

Kwa hiyo mama alijua, na alimsaidia. Aliyebaki gatini akimsikiliza mpishi akibweka ni mimi peke yangu.

Nililia kidogo. Zainaba akanipa sufi ya kuchambua mbegu.

Jumatatu, 13 Agosti

Tumepanda meli saa tatu, mimi na Zainaba na sanduku. Bi Amina alitufuata mpaka gatini. Mjukuu hajalala vizuri tangu Jumatano. Zainaba akamnyooshea mnyama wa mtoto, amejazwa upya; akataka kujua, sasa huyu ni mbuzi au bado?

"Ni mbuzi aliyeoga mara saba," Zainaba akamwambia. "Mtafute mwingine msafi kama huyu kisiwa kizima."

Bi Amina akamchukua, akamfunika kwa ncha ya leso, akaondoka bila kuaga. Aligeuka mara moja. Alikuwa anacheka.

Jumanne, 14 Agosti

Zainaba anaumwa bahari. Amelala na mkono juu ya sanduku.

Jumatano, 15 Agosti. Mahajanga

Sikukuu ya Wakristo, mji umefungwa. Tumeenda kwa Fundi Bakari baada ya alasiri. Amewashika mbuzi kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, amepitisha kidole kwenye pembe na kwato. Hakutafuta macho. Akauliza mishono ya yule wa tatu ni ya nani. Zainaba akamwambia. Akamrudisha taratibu kuliko alivyomchukua.

Nikamweleza pia kuhusu wa kwanza. Zainaba alinikanyaga mguu, lakini nilimweleza. Yule ni mbwa na hajabadilika.

"Huyo abaki sandukuni," Fundi akasema. "Kila nyumba ina mbwa wake wa sandukuni."

Sahihisho nililoandika jioni, mstari kwa mstari: "Katika toleo la tarehe 3 mwandishi alisema kwamba Bi Zainaba wa Hell-Ville anashona mbwa. Anashona mbuzi. Mwandishi hakuangalia." Sentensi tatu. Zote zimehakikiwa.

Alhamisi, 16 Agosti

Karatasi imefika kiwandani saa tano na nusu. Mhariri aliisoma amesimama. Safari hii hakucheka.

Zainaba ameketi dirishani kwangu. Anamshona mmoja zaidi, mdogo, kutoka kwenye mfuko wa shati langu lililochanika. Jicho halimruhusu kutunga uzi. Nimemtungia sindano tisa na kuzichomeka kwenye mto kwa safu, ili asiniite kila mara. Ananiita hata hivyo. Anapofika kwenye msokoto ananipa ncha ya mrija nishike, nisiache, mpaka afunge.

Nimeshika.

Maonyesho ni Jumamosi tarehe 18, saa mbili asubuhi. Meza ya tatu kutoka mlangoni, karibu na mshona kofia.